Mjukuu Wangu na Bunduki ya Sungura



Mwezi uliopita mjukuu wangu kwa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 24, fundi wa umeme, alituma katika kundi letu la aila picha tatu za bunduki na swali fupi: "Babu, nichukue ipi?" Kabla sijaipata miwani yangu, majibu yalikuwa yamekwisha pindukia sitini. Shangazi yetu wa Maskati aliandika audhubillahi mara tatu. Ami wa Dubai alileta ile picha ya babu wa babu yetu, jambia kiunoni na bunduki ndefu begani, na chini yake akaandika kwamba damu haipotei. Mmoja wetu wa Toronto aliuliza kama kijana ana akili timamu, yeye mwenye jina la Kiarabu, kutaka kumiliki bunduki mjini London. Mwenye swali akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu mambo ya namna hii hayajibiwi kwa kidole gumba, nikaahidi kuandika hapa.

Jibu langu nalitanguliza, asiyependa maneno mengi asije akachoka. Achukue bunduki ya .22, ya komeo, yenye kitako cha mbao, hata ikiwa imekwisha tumika. Asichukue ile inayojikoki yenyewe, wala ile ya kipenyo chembamba na mwendo mkali ambayo vijana wenziwe wanaisifu. Na kwa walio na hofu nasema: achukue.

Mimi si msasi. Nilikuwa karani kwa miaka mingi, na silaha yangu ilikuwa kalamu na muhuri. Lakini nimekwenda na kijana huyu mara nne kwenye shamba moja huko Kent, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa Woolwich, ambako sungura wanaila shayiri changa mpaka ukingo wa shamba unabaki kama mkeka uliofumuka. Mwenye shamba alimpa ruhusa kwa kuwa alimtengenezea umeme wa banda na hakumdanganya kwenye hesabu. Mara zote nne alitumia bunduki ya mwenye shamba, na mwenyewe amesimama ubavuni pake, kama sheria inavyotaka. Mimi nilikaa nyuma na chupa ya chai, nikitazama. Haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyasoma kwa subira ya mstaafu asiye na kazi.

Tuanze na majina, kwa sababu watu waligombana katika kundi bila ya kujua wanagombania nini. Bunduki ya komeo ndiyo wanayoiita wenyewe ya bolti. Mimi huliita komeo kwa kuwa ndivyo lilivyo. Ni kipande cha chuma chenye mkono: unakiinua, unakivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje, unakisukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba, unakilaza, mlango umefungwa. Aliyewahi kufunga mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe usiku ataijua harakati hiyo mkononi mwake hata kama hajawahi kushika bunduki.

Na risasi ya .22 ni risasi ya ukingo. Maana yake ni kwamba baruti ya kuwashia, ile fataki, imetandazwa ndani ya ule ukingo mwembamba wa kitako cha ganda, na sindano ya bunduki huuponda ukingo pembeni. Ganda halina budi kuwa jembamba ili lipondeke, na kwa kuwa ni jembamba haliwezi kubeba baruti nyingi. Kwa hiyo risasi ya ukingo imebaki ndogo, rahisi kwa bei, yenye kishindo kidogo, na ganda lake likishapondwa halijazwi tena. Aina hii ni ya zamani. Flobert aliianza Paris mwaka 1845, na hii .22 tunayoizungumza ilitoka Marekani mwaka 1887.

Ile nyingine, ya fataki ya katikati, ina nasaba na mtaa wangu. Dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni pangu yapo majengo ya Royal Arsenal, jina alilolipa mfalme George wa Tatu mwaka 1805. Kiwanda kilifungwa mwaka 1967, na leo ni fleti ambazo bei yake haitamkiki, pamoja na kituo cha treni ya Elizabeth kilichofunguliwa Mei 2022. Humo ndani, katika maabara ya kifalme, Kanali Edward Boxer alitengeneza mwaka 1866 fataki inayokaa katikati ya kitako cha ganda, na mpaka leo fataki ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake. Kutokana na kazi yake zilitumika risasi za Snider, kisha za Martini-Henry. Na Martini-Henry mnaijua. Ndiyo iliyotundikwa kwenye majlisi ya jamaa zetu wengi wa Oman, imevishwa fedha, na watoto wanakatazwa kuigusa. Sikuwahi kudhani kwamba nitazeeka nikipeleka nguo kwa dobi karibu na mahali lilipobuniwa ganda lake.

Wala .22 si mgeni Woolwich. Katika Olimpiki ya mwaka 2012 mashindano yote ya shabaha yalifanyika hapa, kwenye viwanja vya kambi ya Royal Artillery, na bunduki za masafa ya mita 50 zilikuwa za .22 ya ukingo, za kutiwa risasi moja moja kwa mkono. Sergei Martynov wa Belarus, mtu wa makamo, alilala kifudifudi akapiga risasi 60, na zote 60 zikaingia katika duara la pointi kumi. Ningeomba Ami wa Dubai afurahi pia kwa hili: Mwingereza aliyechukua dhahabu hapa hapa katika bunduki za marisau, Peter Wilson, mwalimu wake alikuwa Sheikh Ahmed Al Maktoum, ambaye mwenyewe alikuwa ameshinda dhahabu ya mchezo huo Athens mwaka 2004.

Sasa tuje kwenye picha tatu za kijana.

Ya kwanza ni bunduki ya .22 inayojikoki yenyewe. Ukifyatua, ganda linatoka na nyingine inaingia bila ya wewe kufanya kitu. Ile aliyoituma ni Ruger 10/22, iliyotoka Marekani mwaka 1964, na mwaka huo una maana yake katika nyumba yetu, nitaufikia. Hapa Uingereza inaruhusiwa. Baada ya mauaji ya Hungerford ya 1987, sheria ya mwaka 1988 ilizipiga marufuku bunduki zinazojikoki, ikaziacha za .22 ya ukingo. Ubaya wake si kwamba haipigi vizuri. Nilimwona rafiki wa mwenye shamba akiwa na ya namna hiyo. Risasi ya kwanza ilimkosa sungura, ya pili ikaja kabla hajajua kwa nini ya kwanza imekosa, ya tatu ikamvunja mguu, na sungura akaingia shimoni. Tulisimama juu ya lile shimo hatuna la kufanya. Yule bwana alisikitika, si mtu mbaya. Lakini bunduki yake ilimruhusu asifikiri, na kidole cha binadamu kikiruhusiwa hakingoji.

Siku hiyo hiyo mjukuu wangu, kwa komeo, alipiga mara moja, akakosa. Ikabidi auinue mkono wake kutoka kwenye kifyatulio, avute, asukume, alaze. Katika muda huo sungura aliondoka. Naye akabaki na kosa lake, akalitazama: upepo, au pumzi, au haraka. Zamu iliyofuata hakukosa. Mtu anayejifunza anahitaji ule muda wa komeo kuliko anavyohitaji risasi ya pili. Zaidi ya hayo, komeo likiwa wazi kila mtu anaona kwa mbali kwamba bunduki haiwezi kulia. Nimelipenda hilo sana, mimi niliyekaa nyuma na chai.

Picha ya pili ni bunduki ya komeo lakini ya risasi ya .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002. Nayo ni ya ukingo. Kijirisasi chake kina uzito wa gramu 1.1 tu, lakini hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 770 kwa sekunde, wakati .22 ya mwendo wa chini ina gramu 2.6 na hutoka kwa mita 320 hivi, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Wanaoisifu wana haki katika jambo moja, nami sitalificha. Ile .17 ikigusa kitu hupasuka vipande, kwa hiyo hudunda mara chache. Risasi ya .22, nzito na ya polepole, ikipiga jiwe au udongo uliolowa huweza kudunda na kwenda isikotarajiwa, na ikirushwa juu bila kizuizi husafiri zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo mwenye .22 hana ruhusa ya kupiga mpaka auone udongo nyuma ya mnyama, tuta au mteremko, tena udongo usio na mawe. Wala hapigi juu ya mti. Kindi na njiwa walioko matawini wana bunduki nyingine za kuwafaa.

Lakini .17 inapasua nyama. Nilionyeshwa sungura aliyepigwa nayo begani. Upande mzima ulikuwa umekuwa kama nyanya iliyokanyagwa. Kijana wetu anakwenda kwa ajili ya shayiri ya mwenye shamba, ndiyo, lakini anakwenda pia kwa ajili ya chungu. Dada yangu anawapika sungura hao kwa tui la nazi na ndimu, na wajukuu wanagombania mapaja. Mnyama aliyepigwa kichwani kwa .22 katika mita 50 anafika jikoni mzima. Kishindo nacho ni kidogo: ukiifunga mtutuni kipunguza sauti, ile .22 ya mwendo wa chini inasikika kama mtu aliyefumba kitabu kizito. Sungura wa pili, hatua ishirini pembeni, anainua kichwa na kurudi kula. Inayojikoki yenyewe haiwezi kunyamaza hivyo, kwa kuwa chuma chake kinagonga kwenda na kurudi, na baadhi yake hukwama ikilishwa risasi dhaifu.

Hapa naingia kwenye suala ambalo shangazi alinipigia simu faragha kuniuliza: je, inaliwa?

Sungura ni halali. Hadithi ya Anas juu ya sungura aliyekimbizwa karibu na Makka, akachinjwa, na paja lake likapelekwa kwa Mtume rehema na amani zimshukie, imo katika Sahihi mbili. Suala ni risasi. Na hapa neno lenyewe "bunduki" linatupeleka mbali. Bunduqa katika Kiarabu cha kale ilikuwa kidonge cha udongo kinachorushwa kwa upinde, kabla baruti haijajulikana. Ibn Umar alimhesabu mnyama aliyeuawa kwa kidonge hicho kuwa ni aliyekufa kwa kupigwa, na aliyekufa kwa kupigwa ameharamishwa katika Sura ya Maida. Kisha iko hadithi ya Adiy bin Hatim, aliyeuliza juu ya mshale usio na manyoya, akajibiwa kwa maana hii: kilichomtoboa kwa ncha, kula, kilichompiga kwa ubavu, usile. Kwa hiyo silaha mpya ilipokuja na kurithi jina la kidonge, wanavyuoni walikhitalifiana. Wako, na miongoni mwao ni Mashafii, walioipeleka risasi kwenye hukumu ya kidonge, na kwao mnyama haliwi mpaka akutwe hai na achinjwe. Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliziona bunduki za zama zake, akasema katika tafsiri yake kwamba risasi ya madini inatoboa, basi hukumu yake ni ya chenye kutoboa.

Mimi nafuata alikokwenda Shawkani, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wenye elimu kuliko mimi. Risasi ya .22 inaingia na mara nyingi inatoka upande wa pili. Nimeona matundu yote mawili. Mwenye kutaka tahadhari akimbilie mnyama na kisu, na asipomkuta hai amwachie mwenye shamba, ambaye ana mbwa. Lakini kuna nukta ambayo sijaiona imeandikwa, na naileta kama fikra ya karani tu. Kijana wetu hutaja jina la Mwenyezi Mungu kila anapolaza komeo. Risasi moja, tasmiya moja. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa sauti ya chini, na yule Mzungu mwenye shamba alidhani anahesabu. Kwa bunduki inayomwaga risasi kumi kwa sekunde chache sijui ulimi utafuatana vipi na kidole.

Shangazi alipendekeza bunduki ya upepo. Si fikra mbaya. Hapa Uingereza ile yenye nguvu ndogo haihitaji cheti, na kwa kindi wa matawini ni bora. Lakini kidonge chake ni chepesi, na mtu asiyeweza kumsogelea sungura mpaka mita 25 au 30 atajeruhi zaidi ya atakavyoua. Kijana ana viatu vizito kama vya askari. Hasogei.

Nimekwisha na chuma. Lililobaki ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Ami wa Dubai anasema damu haipotei, kwamba sisi ni watu wa bunduki na babu zetu walikuwa wasasi wa tembo. Namheshimu Ami wangu. Lakini ile bunduki ndefu katika picha haikubebwa ili kumtisha sungura. Katika karne ya 19 bunduki zilipita bandarini Unguja kwa maelfu kwenda bara, na zilirudi pembe na watu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ulitaja wazi kwamba silaha hizo zinachochea biashara ya watumwa. Mwenye kuitundika picha ukutani na aitundike. Ila akisema "sisi ni watu wa bunduki" na ajiulize waliosimama mbele ya mtutu walikuwa ni watu wa nani, kwa sababu baadhi ya wajukuu wao wamo ndani ya nyumba hii hii, wanasoma maandishi haya, na bibi zao ndio bibi zetu.

Kuhusu babu yetu hasa, yule wa shamba la mikarafuu, tumelelewa na hadithi ya bunduki yake ya tembo. Miaka miwili iliyopita tulipofungua kasha la marehemu shangazi, chini ya kanga na hirizi za fedha tulikuta karatasi moja imekunjwa mara nne. Ni leseni ya silaha ya wakati wa Himaya, ya mwaka 1957, kwa jina la babu. Nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma hati kazini, neno kwa neno. Bunduki moja. Aina: BSA. Kipenyo: .22. Sababu ya kuwa nayo: kulinda mazao. Hapana tembo. Unguja tembo angetoka wapi? Ilikuwa ni bunduki ya komeo ya bei nafuu kutoka Birmingham, kwa ajili ya kima waliokuwa wakila mihogo, na kanga wachache wa sikukuu. Nyumbani ikiitwa tuutuu. Nakumbuka jina hilo kutoka utotoni, na siku zote nilidhani ni jina la mbwa.

Nyuma ya karatasi yapo maandishi ya penseli, hati ya mtu asiyezoea kuandika: "Bunduki 1 na risasi 31 zimepokewa." Hakuna saini. Tarehe ni ya wiki ya pili baada ya tarehe 12 Januari 1964.

Nilikuwa na umri wa miaka sita. Waliouawa katika aila yetu mnawajua kwa majina, na makaburi ya wengine hatuyajui, sirudii hapa. Nakumbuka vijana waliokuja barazani, na mmoja wao alikuwa akija kwetu zamani kuchuma karafuu. Nakumbuka babu akileta bunduki komeo lake likiwa wazi, ameishika kwa mtutu, kitako mbele. Akamimina risasi mkekani akazihesabu kwa sauti. Kisha akaomba stakabadhi. Wakacheka. Akarudia kuomba, kwa adabu, kama mtu aliyeko ofisini, na akatoa leseni na penseli. Yule mchuma karafuu akaichukua, akaandika. Miaka yote nimejiuliza kwa nini mzee yule, katika siku ambayo watu walikuwa wakikimbilia baharini, alitaka karatasi. Nadhani alitaka ijulikane kwamba bunduki imetoka mikononi mwake bila ya kumdhuru mtu, na kwamba lolote itakalofanya baada ya hapo si lake.

Kwa hiyo namfahamu shangazi anaposema audhubillahi. Na namfahamu wa Toronto. Mwezi wa Mei 2013, mchana, barabarani karibu na kambi ile ile ya Woolwich, askari kijana Lee Rigby aliuawa na watu wawili waliotamka maneno ya dini yetu. Nilipita pale siku ya pili nikiwa na mkoba wa soko na kofia yangu kichwani, na mwanamke mmoja alivuka barabara ili asipishane nami. Sikumlaumu, lakini sijasahau. Leo kijana wetu, mwenye ndevu na jina refu, anapeleka maombi ya kumiliki bunduki katika mtaa huo huo.

Hata hivyo tazameni anachoombwa. Lazima ataje sababu nzuri ya bunduki hiyo hasa, wala si bunduki kwa jumla. Lazima alete barua ya ruhusa ya mwenye ardhi. Wadhamini wawili. Taarifa za daktari wake. Ofisa wa polisi anakuja nyumbani, anatazama kabati la chuma lilipofungwa ukutani, anauliza funguo zinakaa wapi na nani mwingine anajua. Cheti kikitoka, kinadumu miaka mitano, na ndani yake inaandikwa aina ya bunduki, kipenyo, nambari ya chuma chake, na idadi ya risasi anazoruhusiwa kuweka. Ofisa aliyekuja kwa mjukuu wangu alikaa zaidi ya saa nzima, akanywa chai, akamuuliza kama amewahi kuhuzunika sana. Kijana akajibu ndiyo, alipofiwa na baba yake, akaeleza. Ofisa akaandika. Mimi nilikuwa sebuleni, na nilisikia kitu ambacho sikukitarajia kukisikia katika nchi hii: mtu wa serikali akiongea na mtoto wetu kuhusu bunduki, na hakuna aliyepandisha sauti.

Wanaotaka tumkataze wanadhani tukijificha tutakuwa salama. Babu hakujificha. Alikuwa na karatasi yake, na komeo lilikuwa wazi.

Basi, ya kununua. Kijana anatumia mkono wa kushoto, na hili picha zake tatu zote zililisahau. Komeo la kulia kwa mtu wa kushoto ni adha: anainua mkono juu ya darubini kama anayefukuza nzi. CZ ya Czech hutengeneza za komeo la kushoto. Ile ya sasa, 457, ni nzuri, lakini kuukuu ya 452 yenye mbao ya jozi si duni kwake, na bei yake inamwachia fedha za darubini ya wastani na kipunguza sauti. Asinunue darubini kubwa kuliko bunduki. Aipime kitako begani akiwa amevaa koti lake la baridi, si fulana. Na anunue risasi za aina tatu au nne za mwendo wa chini, boksi moja moja, azijaribu kwenye karatasi, kwani kila mtutu wa .22 una risasi unayoipenda na mtu haijui mpaka ajaribu. Akishaipata, anunue nyingi za aina hiyo kwa kadiri cheti kinavyomruhusu, asibadilishe.

Iko 452 ya kushoto kwenye duka moja huko Kent. Tulikwenda kuitazama Jumamosi. Aliinua komeo, akalivuta, akachungulia chemba tupu, akanipa mimi nichungulie, kisha akalirudisha polepole. Mwenye duka amekubali kuiweka mpaka cheti kitoke. Siku kitakapotoka, nimemwomba mjukuu wangu anipigie nakala ya kila ukurasa, niitie kwenye bahasha moja na ile ya mwaka 1957.